Jeneza la Fundi Bwanamkuu

Sehemu ya Tisa

Mlango ukafunguka, na Radhiya akaona.

Wiki nzima mmekisia. Wengine wenu mmesema ni mwanamke wa pili wa Bwana Ridhwani, mchumba wake. Wengine mmesema ni maiti. Hao wa pili walikaribia.

Haikuwa maiti. Lilikuwa jeneza.

Lilikuwa limewekwa katikati ya ukumbi mkubwa wa Arabella, ile meli mpya ya starehe ambayo tangu itie nanga mbele ya Ras Kitau, mji wa Lamu haukuwa na habari nyingine ila yake. Lilikuwa chini ya taa za vioo, juu ya zulia linalomeza vidole vya miguu. Na juu ya jeneza zilipangwa chupa za mvinyo, bilauri, ndoo ya barafu, na sinia la nyama ambayo kwa heshima ya wasomaji sitaitaja.

Radhiya alishika mwimo wa mlango.

Nyuma yake alikuja Bi Tima, shangazi yake, akihema. Bi Tima alikataa katakata kupanda lifti. Tangu jana, walipokaribishwa melini pamoja na wageni wengine wa mjini, alikuwa akipanda na kushuka ngazi huku akilaani kila kidato.

“Meli kubwa kama nti nzima, na hapana pa mtu kukaa! Miguu yanifa, Radhiya.” Akachungulia ndani, uso ukamchangamka. “Alhamdulillahi, kitanda! Waondoe tu hivyo vyombo vyao.”

Akaenda moja kwa moja kukaa. Radhiya akaudaka ukingo wa buibui lake.

“Usikae, shangazi.”

“Kwani kina kunguni?”

“Kitazame.”

Bi Tima akakitazama. Mwanamke huyu jana alipooneshwa bwawa la kuogelea kwenye sitaha ya juu alicheka mpaka akakaa chini: maji yuu ya maji! Alipoingizwa kwenye chumba chao chenye baridi ya mashine, aliuliza ni nani aliyewekwa humo asioze. Hakuna kitu cha meli hii kilichokuwa kimeweza kumnyamazisha. Sasa alinyamaza, na midomo yake ikawa inasoma kitu kimya kimya.

“Mamangu alibebwa na hili,” alisema mwishowe.

“Na baba,” alisema Radhiya.

Kwa wale walioungana nasi leo, nitasema upesi. Fundi Bwanamkuu, babake Radhiya, alikuwa seremala wa Kizingitini, kisiwani Pate. Mkewe alipofariki hapakuwa na jeneza la kumbeba kwa heshima. Alibebwa juu ya kitanda cha kuazima, na kitanda kikakatika njiani mbele ya watu wote. Tangu siku hiyo fundi hakupokea kazi ya tajiri yeyote. Alitafuta mti mzuri wa mbambakofi, akaunda jeneza, akalichonga jina la Mola ubavuni na maua pembezoni, akalitoa wakfu kwa watu wa Kizingitini. Ua la mwisho halikumalizika. Kifo kilimkuta na patasi mkononi, na wa kwanza kubebwa na jeneza lile alikuwa yeye.

Na wakfu hauuzwi. Haugeuzwi mali ya mtu. Kila maiti anayebebwa na jeneza lile, thawabu humfikia fundi kaburini kwake, na hiyo ndiyo mali pekee aliyokwenda nayo. Radhiya alilelewa kuamini hivyo, na chuo cha ualimu hakikumwondolea imani hiyo. Likiwa kazini, baba anapata. Likikaa bure, baba amenyang'anywa.

“Madi alisema limeletwa Lamu kutengenezwa mguu,” alisema Bi Tima. Madi ni kaka yake Radhiya, na ndiye aliyeachiwa usimamizi wa wakfu. “Ndiyo maana wiki hini Bi Mwanaarabu kabebwa juu ya mlango wa duka! Mlango wa duka, Radhiya, na bawaba zake zikining'inia! Watu wakaona haya kutazamana!”

Radhiya alikuwa amekwishalifikia jeneza, na mkono wake ulikuwa ukitafuta kitu kwenye pembe. Akaenda pembe ya pili. Ya tatu.

“Wamelikata mikono,” alisema.

Ile mikono minne mirefu, ambayo kila mwanamume wa Kizingitini amewahi kuitia begani, haikuwapo. Ilikatwa kwa msumeno. Penye vikonyo pamepigwa msasa na kupakwa rangi ya dhahabu.

Radhiya ni mtu ambaye akikanyagwa mguu huomba radhi yeye. Darasani, wasichana wa mstari wa nyuma humwambia, “Mwalimu, hatukusikii.” Lakini kuna hasira isiyohitaji sauti. Alianza kuondoa vitu juu ya jeneza. Chupa moja, akaiweka juu ya zulia. Chupa nyingine. Bilauri. Ndoo. Hakuvunja hata kimoja.

Akalifikia sinia la nyama, akasita.

“Hilo niachie mimi,” alisema Bi Tima, akalisukuma kwa ncha ya mwavuli wake mpaka likaanguka kwa kishindo.

Kishindo kile kilimleta Bibi Pembroke.

Huyu ni mke wa mkubwa wa kampuni yenye meli, bibi mwenye shingo ndefu na kicheko chepesi. Alitazama nyama iliyotapakaa, akatazama wanawake wawili wenye mabuibui, na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu zake, akajifanya hakuiona nyama.

“Lo! Mmeshakiona!” alisema kwa Kiingereza. “Bwana Ridhwani alitaka kiwe siri mpaka saa ya tafrija. Si kizuri? Kitanda cha bibi harusi!”

“Kitanda cha nani?” aliuliza Radhiya.

“Cha mabinti wa wafalme wa Pate. Walikuwa wakilazwa hapa usiku wa harusi zao. Jana nimekilalia mwenyewe nikapigwa picha. Mume wangu amesema nimekuwa kama malkia.”

“Asemaje?” aliuliza Bi Tima.

“Asema jana alikilalia.”

Bi Tima alimtazama bibi yule tangu unyweleni hadi viatuni, kwa huruma ya kweli. “Maskini. Mwambie akaoge.”

Radhiya hakutafsiri. Maana Bibi Pembroke alikuwa akiendelea, na kila neno lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

“Na leo utakikalia wewe! Ukiwa umevaa mavazi ya harusi, dhahabu, maua, kila kitu. Abiria wote watakuja kuangalia, mabibi na mabwana. Bwana Ridhwani hakukuambia?”

La, msomaji. Bwana Ridhwani hakumwambia. Bwana Ridhwani alimwambia kwamba wakae mpaka alasiri, baada ya wageni wengine wa mjini kurudi, kwa sababu mabibi wa melini wangependa kunywa chai na mwalimu wa kike.

Akaingia mwenyewe wakati ule ule, suti nyeupe, viatu vinang'aa, kijana mzuri ambaye nusu ya mama wa Lamu walimtaka kwa binti zao. Alikuwa wakala wa meli hii, na mchumba wa Radhiya.

Aliona vitu vilivyo chini. Aliona nyuso. Akamtabasamia Bibi Pembroke, na tabasamu lile hakulivua hata mara moja katika maneno yote yaliyofuata, ambayo aliyasema kwa Kiswahili.

“Punguza sauti, Radhiya.”

“Sijasema kitu.”

“Basi usiseme.”

“Umelileta jeneza la babangu humu, unikalishe juu yake watu waninunue kwa macho.”

“Ni mbao na misumari. Limechakaa. Nimewaagizia watu wa Kizingitini jipya kutoka Mombasa, la chuma, lina magurudumu.”

“Magurudumu!” Bi Tima alipiga mwavuli chini. “Kizingitini! Kwenye mtanga! Watamsukuma maiti au watamchimbua?”

“Bi Tima, tafadhali. Bibi huyu anatutazama.”

“Na atutazame! Mwambie na wewe ulimlaza wapi jana!”

“Umelikata mikono,” alisema Radhiya.

“Lisingepita mlangoni.”

Alivyosema! Kama mtu anayezungumzia kabati. Radhiya alikumbuka mikono ya baba yake ikiipapasa ile mbao, ikipapasa na kupapasa, ikitafuta kijiti kitakachomchoma bega mtu asiyemjua.

“Limechukuliwa kwa nani?” aliuliza. “Nani kakupa?”

Ridhwani akatabasamu zaidi. “Kamuulize kaka yako.”

“Madi alinijia kwa miguu yake. Alitaka kazi katika kampuni, nami nilitaka kitu cha kuwafurahisha hawa. Tukafahamiana. Sasa sikiliza. Alasiri, tafrija ikiisha, nyinyi mtashuka na meli itang'oa nanga. Kitu hiki kitakwenda zake Ulaya na hakuna atakayeuliza. Lakini ukifungua mdomo, aibu haitanipata mimi peke yangu. Kesho Kizingitini nzima itajua kwamba mtoto wa kiume wa fundi Bwanamkuu amemvua babake sanda akaiuza. Wataka hivyo?”

Radhiya aliinamisha uso.

“Sawa,” alisema Ridhwani. “Nguo ziko chumbani kwenu. Kavae.”

Alimpa Bibi Pembroke mkono wake, wakatoka wakicheka. Mtumishi akaja akapanga chupa upya, pale pale zilipokuwa.

*

Saa ya tafrija ukumbi ulijaa. Mabibi mabega wazi, mabwana na sigara zao, moshi na manukato na barafu ikigonga vioo. Mbele kabisa alisimama kepteni wa meli, mzee mwenye ndevu nyeupe, mikono nyuma. Bwana mmoja mnene alikuwa ameegemeza kiwiko juu ya jina la Mola.

Ridhwani akasimama akahutubia. Wafalme wa Pate. Mabinti wa siri. Kitanda cha miaka mia mbili. Kisha akanyoosha mkono mlangoni. “Na sasa, bibi harusi wetu.”

Wote wakageuka.

Hakukuwa na dhahabu, wala maua. Aliingia msichana mwenye buibui jeusi la kila siku, uso wazi, macho mekundu, na nyuma yake mwanamke mtu mzima ameshika mwavuli kama gongo.

Ridhwani alilivua lile tabasamu.

Radhiya alikwenda akasimama kando ya jeneza. Akasema kwa Kiingereza, polepole, jinsi anavyosomesha watoto wa darasa la kwanza.

“Hiki si kitanda. Hiki tunabebea wafu wetu. Babangu alikiunda kwa mikono yake, naye alibebwa na hiki kwenda kaburini. Nyanyangu vile vile. Hayo maandishi ni jina la Mungu. Nyinyi mmeweka ulevi juu yake, kwa sababu mtu aliwadanganya. Nawaomba mturudishie.”

Ajabu ni kwamba mstari wa nyuma walisikia.

Bwana mnene aliondoa kiwiko kama aliyegusa makaa. Mahali fulani bilauri ilianguka. Bibi Pembroke alitoa ukelele mwembamba, akajifuta mikono, akajifuta mabega, akajifuta shingo, kisha akatoka mbio.

“Haya, sasa ameelewa,” alisema Bi Tima.

Na mimi niliyewaandikia haya nilitamani niishie hapo. Waungwana wameona haya, jeneza linarudi kwao, tumalize. Lakini hasira ya haki haimpi mtu macho ya kuona mbele, na Radhiya alikuwa amemsahau mtu mmoja: kepteni.

Uso wa mzee yule ulikuwa umekuwa kijivu.

“Jeneza?” alisema. “Jeneza lililobeba watu? Katika meli yangu? Katika safari yake ya kwanza?”

Mwajua nyote jinsi mabaharia walivyo, wa Ulaya na wa kwetu. Kuna vitu havipandishwi chomboni, na kuna maneno hayatamkwi humo. Mzee huyu alikuwa amekula chumvi ya bahari miaka arubaini.

“Lini limepanda?”

“Juzi, bwana,” alisema Ridhwani, “lakini mimi…”

“Litupeni baharini. Sasa hivi.”

Radhiya hakuamini masikio yake. “Hapana! Nimesema turudishieni! Literemsheni kwenye mashua, twende nalo ufukweni!”

“Ufukwe uko mbali,” alisema kepteni. “Bahari iko hapa.”

Ridhwani alipita karibu na sikio lake. “Umeona sasa? Ungenyamaza, angalau lingekuwapo duniani.”

Wakaitwa mabaharia wanne. Watatu walikuwa watu wa Mombasa. Wa nne alikuwa Yunusi, kijana wa Kiwayu, mwenye mabega mapana, aliyewabebea Radhiya na shangazi yake mizigo jana. Walilishika jeneza kwenye kingo, kwa kuwa mikono haikuwapo, wakalitoa nje hadi sitahani, na abiria wote nyuma yao, kwa maana hii ilikuwa tafrija nzuri kuliko waliyoahidiwa.

Naomba mtazame vizuri pale walipofika. Kushoto kulikuwa na ngazi, na chini ya ngazi mashua ya injini ya kuwarudisha Radhiya na shangazi yake Lamu. Kulia kulikuwa na geti la chuma. Baharia mmoja alilifungua. Nje yake hapakuwa na kitu, na chini sana palikuwa na maji ya kijani.

Waliliweka chini jeneza kidogo wapumue.

Radhiya aliona mgongo wa Yunusi ukiinama tena. Hakufikiri. Alipita kati yao, na yeye aliyekataa kulikalia jeneza la babake mbele ya watu, akalikalia mbele ya watu.

“Inuka, bibi,” alisema kepteni.

“Siinuki.”

“Inuka!”

“Nitupeni nalo.”

Mabaharia walitazamana. Kepteni akageuka kwa wakala wake. “Huyu ni nani hasa?”

Ridhwani alirekebisha koti lake.

“Mke wangu, bwana,” alisema. “Nipe ruhusa nimwondoe.”

Radhiya alikaribia kucheka. “Mchumba wake,” alimwambia kepteni. “Nilikuwa mchumba wake. Tangu asubuhi hata hilo si kweli.”

“Mke,” alisema Ridhwani, sasa kwa Kiswahili, na kwake tu. “Tangu jana asubuhi kabla hujapanda meli. Kaka yako, walii wako, ameniozesha, mashahidi wapo, na halua imeliwa.”

“Mwongo! Sikuulizwa!”

“Uliulizwa, Radhiya. Ulinyamaza.”

Ikamrudia. Jana asubuhi, yeye juu akikunja nguo za kuchukua melini. Chini sauti za wanaume na vikombe vya kahawa. Alidhani ni wageni wa meli wanaokusanyika. Madi akaja akasimama mlangoni. Nyuma yake kivuli cha watu wawili. “Radhiya, Bwana Ridhwani yuko chini. Umeridhia?”

Alidhani anaulizwa juu ya safari. Aliona vivuli vya wanaume, akaona haya, akatazama chini kama alivyofunzwa tangu utoto. Madi akangoja kidogo, akasema, “Mmesikia,” akashuka.

Mmesikia! Walisikia nini?

Kila mmoja wetu anajua. Mwanamwali hasemi ndiyo. Hunyamaza, na kimya chake huhesabiwa ndiyo, na hakuna anayesumbuka kuuliza kama ameelewa alichoulizwa.

“Si kweli,” alisema Radhiya, na safari hii alipiga kelele. “Si mume wangu! Shangazi, waambie! Ulikuwako nyumbani, waambie si kweli!”

Bi Tima alikuwa ameshikilia ukuta wa meli.

“Shangazi.”

“Halua niligawa mimi,” alisema Bi Tima.

Upepo ulipiga mabuibui yao.

“Madi alisema umeridhia. Alisema umenyamaza. Nikasema, basi, sote tulinyamaza, sote tuliozwa, na hatukufa. Asubuhi yote nilitaka kukwambia. Jana pia. Kila nikifungua kinywa, natoa kichekesho.” Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyapangusa. “Lakini hili la jeneza sikulijua, Radhiya. Wallahi hili sikulijua.”

Kepteni hakujua neno la Kiswahili, lakini aliuona uso wa Bi Tima, akatosheka.

“Kama ni mkeo, muondoe,” alimwambia Ridhwani. “Akikataa, linyanyueni hivyo hivyo mlipeleke getini. Akiyaona maji atashuka mwenyewe.”

Ridhwani alikuja akasimama mbele yake. Alinyoosha mkono, ule mkono safi wenye pete. Sauti yake ilikuwa laini, kwa kuwa abiria walikuwa wakitazama.

“Inuka, mke wangu.”

Wengi wenu mnamjua Radhiya tangu sehemu ya kwanza. Mnajua angelia. Mnajua angeinamisha uso. Mimi pia nilidhani hivyo.

Alimtazama Ridhwani machoni. Kisha akajilaza. Alijinyoosha chali juu ya mbambakofi wa babake, miguu pamoja, mikono kifuani, akalivuta buibui mpaka likamfunika uso. Na kutoka chini ya buibui sauti ilitoka wazi, ikafika hadi ngazini.

“Mkeo amefariki, Bwana Ridhwani. Yunusi, na nyinyi wenzake, nyinyi ni Waislamu. Mpelekeni maiti kwao, Kizingitini.”

Hakuna aliyesogea.

Yunusi alikuwa akitazama ubavu wa jeneza, pale palipochongwa jina. Alikuwa akilisoma.

“Getini!” alisema kepteni.

“Mshusheni huyo!” alisema Ridhwani. “Mnangoja nini? Hamwoni anafanya mchezo?”

Hapo Bi Tima aliuacha mwavuli ukaanguka. Mwanamke hafuati jeneza, mila yetu haimruhusu, wala hapazi sauti yake mbele ya wanaume. Alikuja akasimama kichwani mwa mtoto wa nduguye, akafungua kinywa, na mara hii hakikutoka kichekesho.

“La ilaha illa Llah,” alianza, kwa sauti ile ile ya wanaume wa Kizingitini wanapoondoka nyumbani na maiti wao. “La ilaha illa Llah.”

Mara ya tatu, sauti moja nzito iliitika. Kisha ya pili.

“Nani kawaambia muimbe?” alipiga kelele Ridhwani.

Mabaharia wanne waliinama pamoja. Walishika kingo, kwa kuwa mikono haikuwapo. Wakainuka pamoja, na jeneza la fundi Bwanamkuu likapanda hadi mabegani mwao.

Kushoto ngazi. Kulia geti lililo wazi.

Chini ya buibui Radhiya hakuona kitu. Alisikia kepteni akitoa amri, na Ridhwani akimjibu, na shangazi yake akizidi kupaza. Kisha akahisi jeneza la babake likianza kugeuka.